Mashine ya Nane kwa Sina Neno

Msimbati,
4 Machi 1996

Kaka Fahad,

Assalaam alaykum. Salamu za watu wote wa hapa zipokee kwa jumla. Nikianza kuwataja mmoja mmoja karatasi itakwisha kabla sijasema shida yangu, na karatasi yenyewe nimepewa moja tu na mwalimu.

Habari si nzuri. Modesta, yule mwenzetu wa kilimo cha mwani, alishikwa na uchungu Jumanne iliyopita akiwa kisiwani Namponda, miezi haijatimia. Tukampakia kwenye Sina Neno, chombo alichotuachia baba, tumlete zahanati ya huku. Tulitoka adhuhuri. Katikati ya njia upepo ukakata, tanga likaning'inia kama shuka iliyoanikwa, na maji ya kupwa yalikuwa yanatoka kwa nguvu, yanatuburuta kuelekea mdomo wa Ruvuma. Tulipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Safari ya saa moja ikatuchukua saa tano. Mtoto tulifika naye amekwisha kufa tumboni. Modesta yu hai, alhamdulillahi, lakini hasemi na mtu. Njia nzima alinishika kifundo cha mguu, na alama za kucha zake ninazo mpaka leo.

Kaka, sitaki kuyaona tena mambo yale. Chombo cha baba kinahitaji mashine. Wewe ndiye fundi, nitafutie ya nguvu za farasi nane. Si zaidi. Kazi yake ni moja: kutuvusha upepo unapokata. Upepo ukiwepo, tanga linatosha. Wanawake wa mwani tumechanga na tumefikisha. Mashine ya nane tunaiweza, na mafuta yake tunayaweza. Nahodha naye amesema hivyo hivyo.

Barua hii nampa mpishi wa meli ya Dar. Nijibu upesi, anarudi baada ya wiki mbili.

Mdogo wako,
Mwaisha


Temeke, Dar es Salaam,
19 Machi 1996

Mdogo wangu Mwaisha,

Waalaykum salaam. Nimesikitika sana kwa habari ya Modesta. Mpe pole yangu na ya wifi yako.

Sasa kuhusu mashine. Mwaisha, ya nane ni ya kukorogea uji. Nacheka peke yangu hapa karakana. Sina Neno ni chombo cha futi ishirini na tano, baba alibeba humo mbao za nyumba nzima, halafu wewe unataka kukifungia kijiko! Watu wataniuliza, huyo ndugu yako fundi alikuwa wapi?

Nimekutengenezea ya arobaini. Imetumika, lakini nimeifungua yote kwa mikono yangu na nimeirudisha. Hiyo itakutoa Namponda kabla hujamaliza kutafuna kipande cha muhogo. Mlingoti mng'oe, hautakuwa na kazi tena, na nafasi yake itafaa kwa mzigo.

Maana kuna jambo lingine. Bwana Josephu wa pale Mtawanya ana mizigo yake ya kuvusha ng'ambo ya Ruvuma, na mizigo yenyewe haipendi maswali. Anataka chombo chenye mbio. Nimemkubalia. Nyinyi wanawake wa mwani mtasafiri siku ambazo Josephu hana mzigo.

Najua utanuna. Lakini kumbuka Maalim Zuberi alivyogawa mirathi: chombo ni mafungu matatu, mawili yangu, moja lako. Mwenye mawili ndiye mwenye kauli. Mwambie nahodha wetu Idrisa ajiandae, nahodha wa mashine ya arobaini si mtu mdogo.

Kaka yako,
Fahad Alawi


Msimbati,
2 Aprili 1996

Kaka Fahad,

Assalaam alaykum. Sijanuna, nimekasirika. Kununa ni kazi ya mtu asiye na la kusema.

Kwanza, futi ishirini na tano umezitoa wapi? Nimepima kwa mkono wangu kutoka omo kule mbele hadi tezi huku nyuma: dhiraa kumi na mbili. Hazifiki futi kumi na nane. Chombo ni kilekile, wewe ulipoondoka ndiye uliyekuwa mdogo.

Pili, wewe unajua mashine, mimi nakijua chombo. Sina Neno kimejengwa kwa tanga. Tumbo lake limekaa majini, kina mwendo wake, na ukikilazimisha kupita hapo hakiruki, kinachimba. Nimeona kwa macho yangu. Mwaka juzi wale wageni waliokuja kupima matumbawe walituvuta kwa boti yao ya mashine kubwa, wakadhani wanatusaidia. Walipokaza mwendo, tezi ikakaa chini na omo ikainuka, maji yakaingia juu ya kibao cha nyuma kama yamealikwa. Nikakata kamba kwa panga. Walinitukana kwa Kizungu, nami nikawajibu kwa Kimakonde nilichofunzwa na Modesta. Sasa wewe unataka hiyo arobaini niikalishe palepale nyuma, uzito wa mtu mzima na mkoba wake, halafu tezi ifanye nini?

Tatu, mafuta. Arobaini inakunywa. Siku ya shida itakuwa imekauka, tutampigia makasia mgonjwa huku tumebeba na chuma hicho.

Mlingoti haung'olewi. Na chombo hakiendi kwa Josephu. Mgonjwa hawezi kungoja siku ambayo Josephu hana mzigo.

Ndani ya bahasha kuna uzi wa mshipi. Mwanzo wake ni juu ya kibao cha tezi. Fundo la kwanza ni mahali maji yanapofika chombo kikijaa watu, fundo la pili kikiwa kitupu. Kibao chetu kiko juu. Mashine ya mguu mfupi itabaki inakoroga hewa kila wimbi likipita. Nitafutie ya nane, mguu mrefu. Nahodha amekataa kitu kingine chochote.

Mdogo wako,
Mwaisha


Temeke,
16 Aprili 1996

Mwaisha,

Mashine ya arobaini imepakiwa melini jana. Ukisoma hapa itakuwa imekwisha kushuka Mtwara. Josephu ataifikisha hadi kwako.

Na nahodha amekataa! Nahodha ni nani huyo? Nimeuliza kwa sababu Ijumaa nikiwa Kariakoo nimemkuta Idrisa anauza mitumba. Idrisa mwenyewe, na kofia yake ileile. Anasema yuko hapa tangu Ramadhani na hana habari na chombo. Nimesimama pale barabarani kama mjinga, mimi ninayewaambia watu kila siku kwamba nina chombo na nahodha wangu kusini.

Nani anashika usukani wa chombo cha baba? Jibu swali hilo tu. Habari za uzi baadaye.

Fahad


Msimbati,
29 Aprili 1996

Kaka Fahad,

Nahodha ni mimi.

Nimeandika jibu kwanza ili usipate tabu ya kulitafuta. Idrisa alipoondoka chombo kilikaa mchangani siku tisa na mwani wetu ukioza kisiwani. Siku ya kumi nikakisukuma nikiwa na Salma na Hadija. Unajua vizuri kwamba baba alinifundisha. Ulikuwa unalia ukitapika, na mimi nimekaa nyuma naye nimeshika usukani. Alipokufa ukasema mwanamke hatashika usukani wa chombo chenu, nami nikanyamaza kwa sababu tulikuwa msibani. Ulidhani nimekubali.

Sikukwambia kwa kuwa niliogopa ungekisimamisha. Hilo nakiri. Lakini siogopi tena. Unakumbuka nilivyokuandikia kuwa Modesta alinishika kifundo cha mguu? Alishika mguu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Kama ningekuwa na mkono mmoja mtupu ningempa. Nalala na jambo hilo kila siku, na hakuna mtu wa Temeke atakayenieleza kitu kuhusu nani anafaa kukaa pale nyuma.

Arobaini yako imefika. Iliwachukua watu wanne kuishusha. Umesema mwenye mafungu mawili ndiye mwenye kauli, basi nilikwenda kwa Maalim Zuberi nikamuuliza: Maalim, ulipogawa, ulisema mafungu ya kaka yangu yako upande gani wa chombo? Akasema hakutaja upande. Nikamuuliza, kwa hiyo nikichagua langu sijavunja sheria? Akasema nimwache ale chakula chake.

Nikachukua kamba, nikapima chombo, nikaikunja sehemu tatu sawa. Nikachora mstari kwa rangi nyekundu ile iliyobaki ya mlango wa madrasa, toka ubavu huu hadi ubavu ule. Mbele ya mstari ni mafungu yako mawili, na mlingoti umo humo, ulale nao ukitaka. Nyuma ya mstari ni fungu langu. Usukani uko kwangu. Kibao cha kufungia mashine kiko kwangu.

Mashine yako nimeiweka kwako, chini karibu na omo, ndani ya gunia. Ni farumi nzuri sana, uzito wa kutuliza chombo. Tangu tuiweke chombo kimetulia.

Mwaisha binti Alawi


Temeke,
17 Mei 1996

Mwaisha,

Kijiji kizima kinacheka. Habari za mstari wako zimefika hapa kabla ya barua yako, mpishi wa meli amezisimulia njia nzima.

Umenidhalilisha. Mimi ni kaka yako mkubwa, baba na mama hawapo, na sijafa. Josephu anakuja na barua yenye sahihi yangu. Ataifunga mashine mahali pake na atakijaribu chombo mbele yako. Ukimzuia, nitakuja mwenyewe nikiuze kama kilivyo, na mstari wako ndani.

Fahad Alawi


Msimbati,
11 Juni 1996

Kaka Fahad,

Josephu alikuja na barua yako. Sikumzuia. Nilimwomba mambo mawili tu, na watu wote waliokuwa ufukweni Ruvula ni mashahidi. Kwanza, tujaribie kwenye maji ya kiunoni, tusitoke nje. Pili, asipite robo ya mwendo. La kwanza alikubali kwa kuwa hajui kuogelea.

Alikaa nyuma yeye na vijana wake wawili. Mimi nikakaa omoni kwenye sehemu yako, maana yangu alikuwa ameikalia yeye. Akaiwasha. Sikatai, umeifufua vizuri, ilinguruma mpaka kuku wakakimbia. Akaenda robo, ikawa sawa. Watu wakapiga makofi. Makofi ndiyo yaliyomponza. Akazungusha mkono wa mashine mpaka mwisho.

Omo ilipanda mpaka nikaona mbingu mahali nilipokuwa naona Msumbiji. Nikapiga kelele apunguze polepole. Yeye kwa woga akaachia ghafla. Basi wimbi letu wenyewe, lile tulilokuwa tunalivuta nyuma, likatukuta. Lilipita juu ya kibao likamkuta Josephu ameketi, likamnyanyua na barua yako mfukoni. Chombo kikazama kikakaa mchangani. Tulisimama humo maji yakitufika kiunoni, Josephu anashika kofia, mimi nashika mlingoti.

Hakuna aliyeumia. Kama ingekuwa kule nje, kwenye mkondo, ungekuwa unasoma barua ya mtu mwingine.

Kibao cha tezi kimepasuka kutoka juu hadi chini. Fungu langu limevunjwa na la kwako. Wanawake wa mwani, thelathini na mmoja nilipowahesabu, walikuja na ndoo na sufuria wakayaondoa maji, wakakivuta chombo juu. Modesta alikuja pia. Hajasema neno tangu siku ile ya safari, na pale hakusema, ila alikuwa wa kwanza kuingia majini.

Kibao nitakitengeneza. Mashine tutaitafuta wenyewe. Sikuombi kitu tena, Kaka. Ukitaka kuja kuuza, njoo. Utatukuta tumekaa ndani yake, wote thelathini na wawili.

Mwaisha binti Alawi


Temeke,
8 Julai 1996

Mdogo wangu Mwaisha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipoomba kitu, sikupaona. Ungenitukana ningejua la kujibu.

Nitakuambia mambo ambayo wifi yako peke yake anayajua. Mimi sina karakana. Nimeajiriwa. Kazi yangu ni kusafisha kabureta na kupanga spana jioni, na fundi mkuu ni kijana niliyemzidi miaka kumi. Lakini hapa wananiita Bosi Boti. Nimewaambia nina chombo kikubwa kusini, futi ishirini na tano, chenye nahodha. Mwaka baada ya mwaka kilikuwa kinarefuka mdomoni mwangu. Mtu mwenye chombo kama hicho angefungaje ya nane? Ndivyo nilivyofikiri. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo.

Na lingine baya zaidi. Ile arobaini ilikuwa ya mguu mfupi. Nilijua. Barua yako ya uzi ilinikuta haijapakiwa. Nilisema moyoni nguvu zake zitafidia, kisha uzi wako nikaufungia kifuniko cha kopo la grisi. Nilipopata habari za Ruvula nilikwenda kuufungua. Ulikuwa mweusi lakini mafundo yote mawili yalikuwepo. Nikaunyoosha kwenye kila mashine iliyomo humu, fundi mkuu akaniuliza Bosi Boti unashona nguo ya nani. Nikamwambia ya dada yangu, nahodha.

Nimepata ya nane, mguu mrefu. Propela yake nimeibadilisha, nimeweka yenye mabapa mapana, ya kusukuma mzigo polepole, si ya mbio. Mchango wenu unatosha bei yake, mpishi ana karatasi ya malipo, mkabidhini yeye fedha. Inakunywa kidogo kama mgonjwa. Ukiwa chini ya tanga iinue mguu juu, isiwaburute. Arobaini ilinunuliwa kwa fedha za Josephu, nimemwambia aichukue ilivyo, hana la kudai kwako.

Sisemi mwanamke anafaa kushika usukani. Nasema wewe unafaa. Sijafika zaidi ya hapo, usinikimbize.

Ila nakuomba jambo moja, kwa heshima ya baba: ule mstari ufute. Watu wanacheka.

Kaka yako,
Fahad


Msimbati,
17 Novemba 1996

Kaka yangu Fahad,

Waalaykum salaam. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na habari, na kusi lilipokuwa likivuma mashine haikuwa na habari. Ilikaa imeinua mguu kama ulivyoagiza.

Nilikwenda kuichukua bandarini Mtwara mwenyewe. Karani akasoma karatasi iliyofungwa kwenye sanduku: apewe Nahodha wa Sina Neno, Msimbati. Akanitazama, akatazama nyuma yangu. Akaniuliza, yuko wapi nahodha? Nikamwambia, sahihi unataka hapa au hapa? Nilitoka pale na sanduku begani, sikutaka hamali. Mwandiko wa kwenye karatasi ile niliujua, Kaka. Nimeikata nimeihifadhi.

Sasa habari. Jumatano Salma alishikwa na uchungu kulekule Namponda. Upepo ulikata mahali palepale, maji yanatoka vilevile kuelekea Ruvuma. Nikapapasa kamba ya kuwashia nisiipate. Modesta ndiye aliyekuwa amempakata Salma. Akasema, Mwaisha, vuta. Neno lake la kwanza tangu siku ile ni hilo. Nikavuta.

Iliwaka mara ya pili. Haikunguruma, ilikohoa kisha ikaanza kufanya kazi yake kama mtu asiyependa kusifiwa. Tezi haikuzama. Tulikwenda dhidi ya maji, si kwa mbio, lakini kila nilipotazama ufuko ulikuwa umesogea. Mkono mmoja uliitosha mashine. Mwingine ulikuwa mtupu, nikampa Salma aushike, na sasa nina alama mpya za kucha. Hatukumaliza hata nusu ya tangi. Salma alijifungua zahanati, juu ya kitanda, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko ile arobaini yako. Nilikaa nje ya mlango nikalia mpaka mwuguzi akaniletea maji.

Nimekuambia haya yote ili ujue kwamba nakushukuru, na kwamba nakupenda, na kwamba zile futi ishirini na tano nimezisamehe.

Mstari siufuti. Nimeupaka upya, rangi ileile. Wakicheka, wacheke wakiwa wanavuka. Abiria wote wanakaa mbele yake, ndivyo chombo kinavyotulia na mashine hii. Njoo Desemba na wifi. Utakaa mbele ya mstari, kwenye mafungu yako mawili, na hata ukitapika sitamwambia mtu. Mimi nitakuwa nyuma yake.

Mwaisha binti Alawi,
Nahodha